Kujitolea Nje ya Nchi Katika Miradi ya Upandaji Miti Mijini: Mambo ya Kufahamu

Kujitolea nje ya nchi katika miradi ya elimu ya mazingira na upandaji miti mijini ni utaratibu unaomwezesha raia kutumia ujuzi wake kwa muda maalumu katika jiji la nchi nyingine, bila mshahara, na mara nyingi kwa posho ya kujikimu. Kazi yenyewe si kushika jembe pekee. Sehemu kubwa hufanyika shuleni, sokoni na katika mikutano ya mitaa, kwa sababu mche uliopandwa kando ya barabara hauna mwenye shamba. Usipopata mkazi wa kuutunza huliwa na mbuzi, hukanyagwa au hukauka kiangazi cha kwanza.

Mfano mzuri wa miradi ya aina hii uko Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone. Tarehe 14 Agosti 2017, kufuatia mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka katika eneo la Regent, na zaidi ya watu 1,000 walifariki dunia au hawakupatikana tena. Misitu ya milima hiyo ilikuwa imekatwa kwa miaka mingi kupisha makazi. Mwaka 2020 Halmashauri ya Jiji, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, ilianza kutekeleza kampeni ya Freetown the Treetown, yenye lengo la kupanda miti milioni moja, ikiwemo mikoko ya pwani.

Nguvu ya kampeni hiyo ni ufuatiliaji. Kila mche hupigwa picha kwa simu na mahali ulipo huwekwa kwenye kumbukumbu. Mkazi aliyekabidhiwa hurudi baadaye kuthibitisha kuwa ungali hai, na hulipwa kupitia simu. Malipo hufuata uhai wa mti, wala si idadi ya mashimo yaliyochimbwa. Hiki ndicho kipimo cha kutumia kabla ya kukubali nafasi yoyote: mradi unaotangaza maelfu ya miche ya siku ya uzinduzi, lakini hauwezi kueleza nani ataimwagilia mgeni akishaondoka, unafaa kutiliwa shaka.

Nafasi za kujitolea hupatikana kwa njia kadhaa. Programu ya Umoja wa Mataifa ya Watu wa Kujitolea (UNV), iliyoanzishwa mwaka 1970 na yenye makao makuu Bonn, Ujerumani, hupokea maombi kupitia mtandao na haitozi ada katika hatua yoyote. Umoja wa Afrika nao una Kikosi cha Vijana wa Kujitolea, kilichoanzishwa mwaka 2010 kwa ajili ya vijana wa miaka 18 hadi 35, ambao hutumikia miezi 12 katika nchi nyingine ya Afrika. Mtu anayejitambulisha kwa jina la UNV kisha akaomba “pesa ya usajili” ni tapeli. Yapo mashirika binafsi ambayo hutoza mchango wa malazi na chakula kihalali. Hayo yatakiwe kutoa mchanganuo wa maandishi kabla ya malipo yoyote.

Mwombaji ahakikishe viza anayopewa inaruhusu kujitolea, kwani viza ya utalii huenda isitoshe. Sierra Leone hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Bima ya afya iwe imethibitishwa kabla ya safari. Upandaji nchini humo hufanyika msimu wa mvua, takriban Mei hadi Novemba, hivyo anayefika Januari atakuta kazi ya kumwagilia na kuhesabu. Kiingereza ndiyo lugha rasmi, lakini mitaani watu huzungumza Krio, na elimu ya mazingira isiyotolewa kwa Krio haifiki mbali.

Nakala za pasipoti, mkataba na bima ziachwe kwa familia, na msafiri atoe taarifa kwa ubalozi unaohudumia nchi anayokwenda.