Siki ya Viungo: Chupa Inatamba Mtandaoni, Uluguru Haitajwi

Kipupwe kikiingia tu, Juni na Julai, Insta ya Bongo inajaa vichupa: siki, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, mdalasini, na asali juu yake. Wanaiita "fire cider". Kijiko kimoja asubuhi, eti mafua yanakaa mbali. Wengi wanajua ni kitu cha Wazungu.

Jina ndiyo la kwao. Mama mmoja mtaalamu wa mitishamba kule California aliwafundisha wanafunzi wake miaka 40 na kitu iliyopita, na hakuona haja ya kulisajili. Kila mtu atengeneze kwake. Mwaka 2012 kampuni moja ya Massachusetts ikalisajili kama alama yake ya biashara, na wauzaji wadogo wakabanwa walitoe kwenye chupa zao. Wanawake watatu wakaburuzwa mahakamani. 2019 jaji akasema hilo ni jina la kawaida, halina mwenyewe. Na siki kwa asali kama dawa ya kikohozi ipo kwenye maandishi ya waganga wa Ugiriki tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, sasa unasajili nini hapo?

Haya, rudi kwenye kichupa cha Dar. Mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga vinalimwa Kinole, Tawa na Mkuyuni, kwenye milima ya Uluguru, juu ya Moro, mji kasoro bahari. Hata maji ya kuoshea hicho kichupa ni ya mto Ruvu, nao unaanzia hukohuko.

Viungo vyenyewe vilihamia. Mdalasini kwao Sri Lanka, karafuu kwao visiwa vya Maluku, zikapita Zanzibar karne ya 19. Waliopandisha miche mlimani hawatajwi sana. Ila kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mashamba mengi yana bibi fulani nyuma yake.

Na ardhi hiyo imemwagiwa damu. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ngumu, bila malipo, na wenyewe waliona udongo mzuri unafukiwa chini. Julai 1955 kule Matombo watu wakachachamaa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa nao. Leo kwenye miteremko ileile mizizi ya midalasini na mikarafuu inashika udongo bila mtu kushikiwa bunduki.

Ukitaka kutengeneza: katakata tangawizi, vitunguu, saumu na pilipili, tia kijiti cha mdalasini, jaza siki hadi vifunike. Weka karatasi chini ya kifuniko cha bati, maana siki inakila. Acha wiki tatu au nne, chuja, tia asali. Usiinywe kavu, changanya na maji, vidonda vya tumbo havitanii. Haiponyi mafua, inapasha koo tu.

Kinole ndiko kwa Kingalu, chifu wa mvua wa Waluguru, na soko kuu la Morogoro limepewa jina lake. Mdalasini unashuka hadi pale, unapakiwa kwenye magunia, unaenda Dar. Huko unabandikwa lebo ya Kiingereza. Wakati huo mkulima mwingine kule juu ameshauza karafuu zingali mtini, ada ya shule haisubiri mavuno.