Kukalika na Kukaliwa: Neno Moja katika Utafutaji wa Sayari

Mtu asimamaye pwani ya Chwaka, mashariki ya Unguja, usiku wa mwezi wa Novemba, huona Kilimia kikichomoza. Wazee walilipa kundi hilo la nyota jina litokanalo na kulima, kwa kuwa liliwajulisha majira. Sayari nazo zilipata jina la Kiarabu lenye maana ya kwenda, kwani hazitulii mahali pamoja kati ya nyota.

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari iizungukayo nyota 51 Pegasi, iliyo mfano wa jua letu. Kufikia mwaka 2025 sayari za nje zilizothibitishwa zilizidi 6,000. Kiswahili nacho kimefika huko: mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulikubali majina yaliyotoka Tanzania, nyota WASP-71 ikaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Lakini sayari hiyo ni ya gesi kama Mshtarii, huizunguka nyota yake kwa muda usiotimia siku tatu, ina moto mkali, wala haikaliki.

Hapa yafaa wafasiri wajihadhari. Wataalamu hutafuta sayari inayokalika, yaani ambayo maji yaweza kudumu juu yake pasipo kuganda wala kuwa mvuke. Aandikaye "inayokaliwa" amekwisha kuipa wakazi ambao hakuna aliyewaona. Mfano u karibu: Chwaka, penye uwanda wa mawe, palikalika kabla ya kukaliwa. Herufi moja tu huyatenga maneno hayo. Basi kamusi zetu na ziyaeleze mbalimbali.