Aliyehama Chama Akakosa Kiti

Nikisikia mwanasiasa amehama chama, huwa nauliza swali moja tu: ameahidiwa nini? Kisha nikasoma habari za Gustav Heinemann wa Ujerumani Magharibi, swali likanigeuka.

Jamaa alikuwa mmoja wa waanzilishi wa CDU, meya wa Essen, na kufikia 1949 waziri wa mambo ya ndani. Mwaka 1950 akagundua Kansela Adenauer amewaahidi Wamarekani wanajeshi wa Kijerumani bila kuliuliza baraza la mawaziri. Miaka mitano tu baada ya vita! Heinemann akajiuzulu. Mwaka 1952 akatoka CDU, akaunda GVP kupinga jeshi jipya. Uchaguzi wa 1953 walipata asilimia 1.2. Kiti bungeni? Wapi!

Mwaka 1957 chama kikavunjwa, naye akaingia SPD. Mwaka 1969 akachaguliwa rais kwa kura 512 dhidi ya 506 za mgombea wa CDU, chama alichosaidia kukianzisha.

Wengi wataukumbuka ule urais. Mimi naikumbuka ile asilimia 1.2. Siku hizi mtu akihama chama, nauliza pia: ameacha nini?