BASENJI: Neno la Tusi Lililogeuka Jina la Mbwa wa Kuwindia

Katika Kiingereza, basenji ni jina la mbwa wa kuwindia wa Kongo: mdogo wa kimo, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, tena hana desturi ya kubweka. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hulitaja jina hilo kwa fahari. Msemaji wa Kiswahili cha Kolwezi au Lubumbashi hulisikia vingine, kwani kwake hilo ni neno la watu, wala si neno jema.

Asili yake ni mshenzi wa mwambao. Huko pwani watu waligawanywa kuwa waungwana na washenzi. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye Mwislamu wala mkaazi wa mji, na aghalabu ndiye aliyetazamiwa kufanywa mtumwa. Misafara ya karne ya 19 ililibeba neno hilo pamoja na shanga na bunduki hadi Manyema, alikoweka makao Tippu Tip, na hadi Katanga, alikotawala Msiri kutoka Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891. Wenyeji wa Manyema walioingia katika misafara wakajiita wangwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Hivyo aliyekuwa mshenzi jana akapata naye wa kumwita mshenzi.

Umbo la neno halina shida. Katika Kiswahili cha Katanga, kama katika lugha nyingi za Kongo, kiambishi wa- huwa ba-: watu ni batu, watoto ni batoto. Lingala nayo ina basenji, na Kifaransa cha wakoloni kikalichukua neno hilohilo kumtaja Mwafrika wa kijijini.

Ni katika miji ya migodi ndipo neno lilipopata makali mapya. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwakusanya wafanyakazi kutoka mbali na kuwaweka kambini, na Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi. Johannes Fabian alitoa hoja mwaka 1986 kwamba Kiswahili cha Katanga ni zao la kambi hizo kuliko la misafara. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo neno hili lilipita njia zote mbili, na yamkini vinywa vya mabwana wa Kibelgiji vililieneza kuliko vya wafanyabiashara wa pwani. Kambini palikuwa na kazi, posho na nyumba ya kampuni. Nje ya kambi palikuwa na basenji. Serikali ikaongeza daraja zake: cheti cha sifa za kiraia mwaka 1948, kisha uandikishaji wa mwaka 1952, ambapo mwombaji aliweza kukaguliwa hadi ndani ya nyumba yake, ili ithibitike kwamba ameuacha ushenzi.

Wakati huohuo neno lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Mbwa wa aina hii walionyeshwa Uingereza mwaka 1895 kwa majina mengine, lakini wakafa kwa maradhi. Olivia Burn alifaulu kuwaleta tena, na mwaka 1937, mwaka uleule wa kuzaliwa Kolwezi, wakaonyeshwa London katika maonyesho ya Crufts kwa jina la basenji. Chama cha mbwa cha Marekani kiliwasajili mwaka 1943. Katika misitu ya kaskazini, mbali na Katanga, wawindaji huwafunga kengele ya mbao shingoni, kwa kuwa mbwa asiyebweka hajulikani alipo kichakani, nao huwafukuza wanyama kuelekea nyavuni.

Kilichotendeka kisarufi ni hiki: mbwa wa basenji, yaani mbwa wa watu wa kijijini, alipoteza neno mbwa, akabakia na jina la mwenye mbwa. Waingereza wakalihesabu basenji kuwa umoja, wakaongeza wingi wao mwishoni juu ya wingi uliokuwako mwanzoni. Vitabu vya wafugaji huongeza jina jingine, ati maana yake ni mbwa arukaye juu na chini. Ukiliondolea makosa ya tahajia ni mbwa mkubwa, mbwa wa mwitu. Hamna kuruka humo, na mnyama mwenyewe si mkubwa. Mbwa mwitu naye ni mnyama mwingine kabisa. Hata mbwa shenzi, ambalo vitabu hivyo hulifasiri kuwa mbwa wa porini, kwa Mswahili ni mbwa koko tu wa mtaani.

Kolwezi ya leo imebadilika. Katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba madini ya kobalti chini ya sakafu za nyumba zao, hadi sehemu ya mtaa ilipozungushiwa ukuta mwaka 2017 na kukabidhiwa kampuni ya Kichina. Mpaka kati ya mwenye kambi na mtu wa kijijini umefutika; tusi halikufutika. Kwa hiyo mtunga kamusi atakayeingiza basenji kwa maana ya mbwa ana kazi ya ziada. Akiandika “mbwa wa basenji” bila maelezo, msomaji wa Kasulo atasoma kilekile kilichosemwa tangu mwanzo, yaani mbwa wa washenzi, na atauliza ni nani hao.