Kitabu cha Sala cha Jirani

Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi wanakienzi sana kitabu cha sala kilichoandikwa kwa mkono, cha mwalimu wao Baal Shem Tov, aliyefariki mwaka 1760. Kimehifadhiwa New York.

Jirani zetu wa Uganda nao wana chao. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919 karibu na Mbale. Mwaka 1922 akawachapishia wafuasi wake, Abayudaya, kitabu cha Kiganda chenye sala na kanuni, kurasa kama 90. Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo, wengi waliiacha. Wachache wakasali kwa siri.

Hapa Butiama tulizihesabu siku za vita kwa hofu ya vijana wetu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, 1979. Jioni hiyo ndipo ilipoanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Sidhani kama vijana wetu walijua.

Chuoni niliwafundisha walimu kwamba kitabu hutunzwa kwa jalada na kabati. Sikuwa nimemaliza somo. Kitabu cha sala hutunzwa kwanza na midomo ya wanaosali.