Miaka Mitano ya Fasihi ya Kiingereza: Hoja ya Kuunganisha Bakalorea na Masta Bujumbura

Kuunganisha shahada ya kwanza na ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza ni kumpa mwanafunzi njia moja ya masomo inayoishia kwenye vyeti viwili. Baadhi ya kozi za ngazi ya juu huanza kusomwa kabla ngazi ya chini haijakamilika, na alama zake huhesabiwa pande zote mbili. Mpango huu umeenea zaidi Marekani. Huko shahada ya kwanza huchukua miaka minne, na masta ya fasihi kwa kawaida miwili. Aliyekubaliwa katika mpango wa pamoja husoma semina kadhaa za masta akiwa bado mwaka wa nne, akamaliza yote kwa miaka mitano. Faida yake haihitaji maelezo marefu: mwaka mzima wa karo na kodi ya chumba umeokolewa.

Mpango huo ukiletwa Bujumbura kama ulivyo, hesabu haitoi kitu. Tangu sheria ya elimu ya juu ya Desemba 2011, Burundi inafuata mfumo wa BMD, yaani bakalorea, masta na udaktari. Bakalorea, ambayo hapa ni shahada ya chuo kikuu wala si mtihani wa kumaliza sekondari kama ilivyo Ufaransa, ni ya miaka mitatu na krediti 180. Masta ni ya miaka miwili na krediti 120. Mrundi anayefuata njia ya kawaida, bila mpango wowote wa kuunganisha, kwenye karatasi humaliza kwa muda uleule ambao Mmarekani husifiwa kwa kuufikia. Hakuna mwaka wa kukatwa. Kenya, ambako shahada ya kwanza ya mfumo wa 8-4-4 ni ya miaka minne na ya uzamili miwili, inaweza kuzungumzia kufupisha, Burundi haiwezi. Sababu ya kuunganisha, kama ipo, haimo katika urefu wa njia. Imo katika pengo lililo katikati yake.

Zamani pengo hilo halikuwapo. Chuo kikuu kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1964 kilirithi mpangilio wa Kibelgiji: miaka miwili ya kandidatura, kisha miwili ya lisansi. Katika kandidatura mwanafunzi wa Kiingereza alipewa msingi mpana wa sarufi, fonetiki, uandishi, historia ya Uingereza na Marekani. Katika lisansi aliingia kwenye mada zenyewe, akachagua msimamizi, akaandika memwari, yaani tasnifu ya kumalizia masomo, na kuitetea mbele ya jopo la walimu, ndugu na marafiki wakiwa wamekaa nyuma na nguo za sherehe. Hakuna aliyeomba kudahiliwa upya kati ya mwaka wa pili na wa tatu, wala aliyebadilisha kitivo ili aandike utafiti. Lisansi ile ilikuwa shahada moja kwa jina, lakini kazi ya mwisho iliyodaiwa ilikaribia sana inayodaiwa leo kwa masta ya mwaka mmoja katika vyuo vingi vya ng'ambo. Si ajabu kwamba Wabelgiji wenyewe, walipoingia katika mageuzi ya Bologna ya elimu ya juu Ulaya, waliipa nafasi ya lisansi yao jina la masta. Burundi, kwa maneno mengine, ilikuwa na njia iliyounganishwa, ikaitenganisha.

Mageuzi ya BMD hayakufanywa kwa upuuzi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na vyeti vyake vilipaswa kusomeka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ambako shahada ya kwanza na ya uzamili ni vitu viwili. Hata hesabu ya krediti ilibidi iangaliwe. Mfumo wa sifa za elimu ya juu wa Afrika Mashariki wa mwaka 2015 huhesabu krediti moja kwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndiyo maana shahada ya miaka mitatu hufika krediti 360, mara mbili ya zile 180 za BMD, ingawa kazi iliyofanywa haipishani sana. Kisha sheria ya mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Haja ya walimu wa Kiingereza, wafasiri na maofisa wanaoweza kuandika lugha hiyo ikaongezeka wakati uleule ambapo njia ya kuwaandaa ilikuwa imegawanywa vipande viwili.

Uzito wa mgawanyo huo unaonekana wazi katika mtaa kama Gihosha. Gihosha iko kaskazini-mashariki mwa jiji, mahali ardhi inapoanza kupanda kuelekea milimani; ilikuwa tarafa kamili kabla tarafa 13 za Bujumbura hazijapunguzwa kuwa tatu, ikabaki sehemu ya Ntahangwa. Kampasi ya Mutanga ya chuo kikuu haiko mbali, na kwa mwanafunzi jambo hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana kwenye ramani. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, foleni ya basi inaweza kumla mtu saa mbili asubuhi na nyingine mbili jioni, na anayeweza kufika darasani kwa miguu ndiye anayebaki na muda wa kusoma riwaya. Mwanafunzi wa aina hii akimaliza bakalorea, mambo mawili humwangukia kwa pamoja. Ufadhili wa serikali, uliogeuzwa kuwa mkopo mwaka 2017, umefika mwisho. Na masta ni maombi mapya, ada mpya na kusubiri hadi darasa litakapofunguliwa. Akipata kazi ya kufundisha Cankuzo au Makamba, huacha chumba chake, jirani aliyemwazima vitabu na mwalimu aliyekuwa akianza kumwelewa. Wengine hurudi baada ya miaka minne au mitano. Wengi hawarudi, na hao hawakuacha kwa kukosa akili.

Kwa fasihi, kukatika huko kuna madhara makubwa kuliko katika masomo mengine. Fundi wa hesabu aliyepumzika miaka mitatu hurudia kanuni na kuendelea. Msomaji wa fasihi hujenga kitu kisichoandikwa kwenye silabusi: kumbukumbu ya vitabu vinavyojibizana, sikio la mtindo, ujasiri wa kukaa na ukurasa mgumu. Vitu hivi hukua polepole na hupotea haraka, hasa pale ambapo Kiingereza ni lugha ya nne ya msomaji, baada ya Kirundi cha nyumbani, Kifaransa cha shule na Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi na sokoni. Sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza katika idara ya Kiingereza hutumika kujenga lugha yenyewe. Fasihi kwa maana yake kamili huanza kuiva mwaka wa tatu, na hapo ndipo cheti hutolewa na mlango hufungwa.

Jinsi ngazi mbili zinavyoweza kukaa meza moja huonekana vizuri zaidi kwa kuchukua kitabu kimoja. Ngũgĩ wa Thiong'o alimaliza shahada yake Makerere mwaka 1963, mwaka uliofuata akaenda Chuo Kikuu cha Leeds kusomea uzamili, akaandika huko A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967, na akaondoka bila kuchukua shahada ile. (Walinzi wa taratibu za mitihani hawapendi kukumbushwa habari hii.) Riwaya inaanza siku chache kabla ya uhuru wa Kenya wa Desemba 1963, katika kijiji cha Thabai, na inarudi nyuma mara kwa mara hadi msomaji anapogundua kwamba Mugo, ambaye kijiji kinataka kumpa heshima ya shujaa, ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni. Kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu iko hapo: kufuatilia jinsi masimulizi yanavyohama kutoka kichwa cha mhusika mmoja hadi cha mwingine, kuonesha ni wapi dalili za usaliti zilitolewa mapema, na kuandika kurasa sita au saba zisizo na muhtasari wa hadithi.

Mwanafunzi wa masta huanza pale mwenzake alipoishia. Ngũgĩ aliirekebisha riwaya hii katika miaka ya 1980, baada ya kupita kizuizini na baada ya msimamo wake wa kisiasa kukomaa. Tukio la kubakwa kwa mhusika mmoja, Dkt. Lynd, liliondolewa, na namna wapiganaji wa msituni wanavyotajwa ikabadilika. Kuweka matoleo mawili sambamba, kuuliza ni nini mwandishi alichokataa katika kazi yake mwenyewe, na kupima kama riwaya imenufaika au imepoteza, ni swali la kiwango cha tasnifu. Halihitaji maktaba ya London; linahitaji nakala mbili, hata kama moja ni ya fotokopi, na msimamizi anayeyajua matoleo yote mawili. Mwanafunzi wa bakalorea aliyekaa katika semina moja na huyu wa masta akasikia mjadala huo anajua mwaka mmoja kabla ya wakati wake utafiti ni nini.

Ziko pia kazi ambazo msomaji wa Bujumbura ana nafasi ya kuzifanya kuliko wa Leeds. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya The Merchant of Venice, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Riwaya ya Mrundi Roland Rugero, Baho!, iliyochapishwa kwa Kifaransa mwaka 2012, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2016. Anayesoma Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza bila kuazima macho ya mtu anaweza kuuliza kuhusu maandiko haya maswali ambayo msomaji wa lugha moja hayaoni. Mjadala wa Nairobi wa mwaka 1968, pale Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, ulihusu hasa kitovu cha usomaji. Njia ya miaka mitano isiyokatika ingeupa mjadala huo nafasi katika ratiba, maana katika miaka mitatu iliyojaa fonetiki na sarufi nafasi hiyo ni finyu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kuunganisha ni uchanga. Kumchagua mwanafunzi mapema ni kumfunga kabla hajajijua. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake ni kutodahili mtu yeyote katika njia ya pamoja kabla mwaka wa pili haujakwisha, wakati alama za lugha zimetulia na mwalimu amekwisha kuona insha zake kadhaa. Pingamizi la pili ni kiwango: je, semina inayohesabiwa mara mbili haitakuwa kazi moja inayolipwa mara mbili? Itakuwa, ikiwa idara italegea. Kozi inayoingia katika masta lazima isahihishwe kwa kipimo cha masta, mwanafunzi akipewa swali la kiwango cha tasnifu na si lile la mwaka wa tatu, na krediti zinazohesabiwa pande mbili zisizidi 15, yaani robo ya mwaka. Saa zinazopatikana hivyo zisitumike kufupisha masomo. Ziende kwenye tasnifu, ambayo ndiyo inayochelewesha wengi.

Kikwazo kigumu kuliko vyote hivi ni cha ratiba. Kote Afrika Mashariki madarasa ya masta hupangwa mara nyingi jioni au mwisho wa juma, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wake ni walimu walio kazini, wakati bakalorea husomwa mchana. Makundi haya hayakutani kamwe, na semina ya pamoja isiyo na saa ya pamoja ni maneno matupu. Mabadiliko yanayohitajika hapa ni madogo na hayangoji sheria mpya: semina moja kwa kila muhula ipangwe saa ambayo mwalimu aliyetoka shuleni na mwanafunzi anayesubiri kurudi Gihosha kabla ya giza wote wanaweza kufika. Katika mwaka huohuo wa tatu mwanafunzi achague msimamizi, amkabidhi pendekezo la kurasa mbili, na asimbadilishe bila sababu.

Kinachobaki ni cheti. Njia ya pamoja inayotoa vyeti vyote viwili mwishoni mwa mwaka wa tano ni mtego kwa mtoto wa familia isiyo na kitu, maana baba akiugua mwaka wa nne hubaki mikono mitupu baada ya kusoma miaka mitatu na nusu. Bakalorea itolewe kamili mwaka wa tatu unapokwisha, iwe na thamani yake ya kuombea kazi ya ualimu, na anayeondoka apewe haki ya kurudi ndani ya muda uliotajwa bila kuomba upya. Nakala ya alama nayo ioneshe wazi ni kozi zipi zilizohesabiwa mara mbili na kwa kipimo gani, kwa sababu ofisi ya udahili ya Kampala au Nairobi itakayopokea maombi ya udaktari haitamwamini mwombaji kwa maneno yake. Itasoma nakala hiyo mstari kwa mstari.