Mboji ya Kinamasi

Mkulima akitaja mboji anamaanisha majani na samadi vilivyooza mpaka vikawa udongo mweusi, laini, tayari kwa shamba. Neno hilohilo ndilo linalomjia haraka mtafsiri anapokutana na peat ya Kiingereza, na hapo ndipo anapojikwaa. Peat ni mimea iliyokwama katikati ya kuoza. Maji yaliyotuama huzuia hewa isipenye, vijidudu vya kuozesha hukosa oksijeni, na mizizi na mashina hurundikana tabaka juu ya tabaka, pengine milimita moja tu kwa mwaka. Ikikauka, inawaka. Mboji ya shambani nani ameipikia ugali?

Wanyarwanda wana neno lao, nyiramugengeri. Kule Gishoma, wilayani Rusizi, ulijengwa mtambo wa umeme wa megawati 15 wa kuichoma. Nchi hiyohiyo inailinda upande wa kaskazini, katika kinamasi cha Rugezi: zaidi ya hekta 6,700, mwinuko wa mita zipatazo 2,050, na tangu 2005 kimo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Anayekwenda huko kutazama ndege hukanyaga kwa tahadhari, kwa sababu sehemu nyingine nyasi zimeelea juu ya maji. Korongo taji huonekana hata kwa mbali. Kazi ipo kwa yule ndege mdogo wa kahawia aliyepewa jina la Grauer, ambaye makazi yake ni vinamasi vya milimani vya ukanda huu wa Bonde la Ufa la Magharibi. Hujificha chini kwenye majani na husikika kabla ya kuonekana. Mwenye kupiga soga njiani atarudi na picha za nyasi tu.

Ukiniambia chini ya nyasi hizo kuna mboji, nitakwenda na jembe. Ndiyo hatari ya neno lile. Rugezi ilichimbwa mifereji ili ilimwe. Maji yake huingia Ziwa Burera, linaloendesha mitambo ya Ntaruka. Kinamasi kikakauka, mvua nazo zikapungua, ziwa likashuka, na kufikia 2004 Rwanda ilikuwa na uhaba mkubwa wa umeme. Serikali ikawaondoa wakulima kinamasini. Tena, mfereji ukishachimbwa, hewa huingia, uozo uliokwama huendelea, na kaboni ya maelfu ya miaka hupanda angani.

Tungeweza kutohoa, tukaandika piti, lakini msomaji haambiwi kitu. Mboji mbichi ingemfaa aliyezoea samadi mbichi, ila inakwaza pale bidhaa inapokaushwa kuwa kuni. Mimi nachagua mboji ya kinamasi kwa kitu chenyewe, kikavu au kibichi, na kinamasi cha mboji kwa mahali kinapopatikana.

Limebaki neno bog, ambalo vitabu vya watembezi wa Ireland na Estonia hulitumia sana. Kwa wanasayansi, hicho ni kinamasi cha mboji kinachopata maji kutoka mvuani peke yake, ndiyo maana ni kichachu na kimepungukiwa rutuba, na mboji yake hutokana hasa na kuvumwani. Rugezi hupokea pia maji ya vilima vinavyoizunguka, kwa hiyo haimo katika kundi hilo. Kwa kile cha Ireland ningeandika kinamasi cha mboji cha mvua. Ni kirefu, lakini mtembezi atajua kwa nini hakuna kijito kinachoingia.